Muulize Mwalimu: Ardhi hii ya nani, na mbona madaktari wa Kanada wanaomba radhi?

Wasomaji wangu wa Kusini mmenijaza simu mwezi huu. Kumbe kuna wanafunzi wa udaktari kutoka Kanada walikuja fildi hospitali moja upande wa Masasi, wakaondoka, na maswali waliyoyaacha yametembea mpaka Kilwa. Basi ukurasa wote leo nimeutoa kwa hilo, wenzangu wa presha na vidonda vya tumbo mtanivumilia hadi toleo lijalo. Barua nimezikata, wengine mnaandika kama mnaandika wosia.

Mwalimu shikamoo. Mimi ni nesi huku Masasi. Siku ya kuwakaribisha hao wageni dada mmoja akasimama akasema kwao kabla ya kikao huwa wanawataja wenyeji wa ardhi ile, akauliza sasa hapa tulipo ni ardhi ya nani ili awashukuru. Ukumbi kimya. Katibu wa hospitali akajibu "ya halmashauri, na hati tunayo". Tukacheka mpaka basi, ila yeye hakucheka, akawa kama kaona aibu. Baadae akaniambia chuoni kwao hilo ni somo la lazima. Mwalimu hii ni dini au nini? Na ardhi na udaktari wapi na wapi? (Nesi wa zamu ya usiku, Masasi)

Marahaba mwanangu. Katibu wenu kajibu kisheria kabisa, ardhi ya Tanzania ni mali ya umma na Rais ndo mdhamini, halmashauri kuwa na hati ni sawa tu. Ila yule dada alikuwa anauliza jambo la kwao, na la kwao ukilijua kicheko kinakata.

Kanada imejengwa na watu waliotoka Ulaya juu ya ardhi ya watu waliokuwepo, kina Cree, Ojibwe, Mohawk, Inuit na wengine wengi, kuna mahali walisaini mikataba na kuna mahali hata huo mkataba hakuna, watu walisogezwa tu. Halafu ikaja ya kuwachukua watoto. Serikali inatoa hela, makanisa yanaendesha, na kwa zaidi ya miaka mia watoto zaidi ya 150,000 wakapelekwa shule za bweni mbali na wazazi wao, wananyolewa, wanapigwa wakiongea lugha ya nyumbani. Za mwisho zimefungwa miaka ya 1990. Yaani waliosoma humo wapo, ndo bibi na babu wanaokaa foleni hospitali za Kanada leo.

Sasa udaktari unaingia hapa. Mwaka 1907 daktari mmoja wa serikali, Peter Bryce, alikagua hizo shule upande wa magharibi akakuta kifua kikuu kinamaliza watoto, mabweni hayana hewa, mgonjwa na mzima wanalala pamoja. Akaandika kwamba kwa shule zilizompa majibu, karibu robo ya watoto waliopitia pale walishakufa. Wakubwa wakaisoma ripoti, ikaishia kabatini. Baadae akastaafishwa kwa nguvu, na mwaka 1922 akayachapa yote kwenye kijitabu ili watu wasome wenyewe, nacho hakikubadilisha kitu wakati ule.

Na hiyo ndo nafuu, maana Bryce angalau alipiga kelele. Kati ya 1948 na 1952 watafiti wa lishe, wasomi kabisa, walichukua shule sita zenye watoto kama elfu moja ambao tayari wanashinda na njaa, wakawafanya wa kujaribia vitamini na unga wa virutubisho, na kuna shule maziwa hayakuongezwa kwa makusudi ili wapate cha kulinganisha. Mtoto anasema ana njaa, mtaalamu anaandika kwenye daftari. Nimefundisha manesi miaka mingi na hii ndo inaniuma kuliko zote, kwa sababu hawakuwa wahuni hao, walikuwa na vyeti, na serikali ilikuwa inajua.

Ndo maana ilipoundwa Tume ya Ukweli na Maridhiano, iliyofanya kazi kuanzia 2008 mpaka 2015 na kutoa mapendekezo 94, hawakuwaacha watu wa afya. Pendekezo la 24 linataka vyuo vya udaktari na uuguzi viwe na somo la lazima kwa kila mwanafunzi, la afya ya wenyeji wa asili, historia ya zile shule, mikataba, haki zao, na namna ya kupambana na ubaguzi wodini. Somo alilokwambia ni hilo. Sio dini mwanangu.

Ila na mimi nina langu. Kutaja wenyeji mwanzo wa kikao ni rahisi sana, hakugharimu hata shilingi, na hao wenyeji wenyewe kuna wengi wanalalamika kwamba imekuwa kama kusoma tangazo la msiba wa mtu usiyemjua. Septemba 2020, miaka mitano baada ya yale mapendekezo, mama mmoja wa Kiatikamekw, moja ya makabila ya hao wenyeji, anaitwa Joyce Echaquan, miaka 37, watoto saba, alilazwa Quebec akiwa na maumivu, akawasha simu yake ikawa inarusha moja kwa moja, na watu wakasikia wahudumu wanamtukana kwamba ni mjinga na kwamba ange­kufa tu ingekuwa afadhali. Akafariki siku ile ile. Aliyechunguza kifo chake akasema wazi ubaguzi ulichangia. Sasa kati ya wahudumu wale alikuwemo nesi kabisa, aliyesoma. Kwa hiyo somo peke yake halitoshi, inabidi uangalie nani analifundisha, nani kapewa kiti darasani, na nani anasema huyu kafaulu na huyu hajafaulu.

Mwalimu za leo, mimi nasomea utabibu, kwetu Kagera ila fildi nimepangiwa Newala. Kuna jambo linanikera. Bibi kizee akija ana chale usoni na tundu la ndona (lile pambo la mdomo wa juu) mdomoni basi wenzangu wanaitana kuja kumchungulia, mmoja alitaka kumpiga picha. Akisema alianzia kwa mganga anagombezwa mbele ya watu mpaka analia. Na kwenye notsi zetu kuna kichwa kizima "mila potofu". Je haya ni sawa na ya Kanada? (Mhaya aliyepotelea Makondeni)

Hujapotea baba, umepangiwa.

Sawa na ya Kanada hapana, na usikubali mtu akupe lawama zisizo zako. Wewe wa Kagera hujaja kuchukua shamba la korosho la mtu, hakuna aliyewanyang'anya Wamakonde watoto akawapeleka Bukoba, na mwisho wa siku wote hapa ni Waswahili tu tunaolipana posho za kuchelewa. Kule ni nchi kuchukuliwa na watu wengine na sheria kuandikwa juu yake. Tusichukue neno lao tukalivaa hivi hivi kwa sababu linapendeza kwenye andiko la mradi (najua wapo wanaosoma hapa na wameshaanza kuandika).

Kinachofanana ni ile dakika bibi anapokaa kwenye benchi mbele yako. Wewe una koti jeupe, una kalamu, unajua Kiswahili cha shule, yeye Kiswahili chake cha kuokoteza na anaumwa. Hapo mwenye nguvu anajulikana.

Hili jambo Wamaori, wenyeji wa asili wa Nyuzilandi, walilipatia kuliko wengine wote kwa maoni yangu. Mwaka 1988 huko Christchurch kulikuwa na mkutano wa mambo ya uuguzi, na mwanafunzi mmoja wa Kimaori, wa mwaka wa kwanza tu, akasimama akauliza kwamba nyie mnatufundisha usalama wa kisheria, usalama wa maadili, usalama wa kumhudumia mgonjwa, je usalama wa utu na utamaduni wetu uko wapi? Irihapeti Ramsden, nesi Mmaori, akalichukua swali lile akalijenga mpaka mwanzoni mwa miaka ya 1990 likaingia kwenye mafunzo ya manesi wa nchi nzima, na likamletea matusi ya kutosha kwenye magazeti. Fundisho lake mimi nalipenda kwa sababu linapindua meza. Hasemi mwanafunzi akariri kwamba Wamaori hula hivi na huzika vile. Anasema mwanafunzi ajichunguze yeye kwanza, kalelewa wapi, anaamini nini, anamdharau nani bila kujua, na kuhusu huduma kuwa salama au sio salama, mwenye kusema ni mgonjwa. Sio daktari, sio matroni, sio mkaguzi kutoka mkoani.

Sasa weka hiyo Newala uone. Notsi zenu za "mila potofu" zinakufundisha kumwangalia bibi kama tatizo, na hata mkizibadilisha zikaitwa "mila nzuri za Wamakonde", na picha ya kinyago juu, kama bado ni orodha ya kukariri basi hamjafika popote, mtatoka na tabibu anayejua ndona inavaliwaje na bado anaita wenzake waje kuchungulia. Swali la kumuuliza bibi ni moja tu, tena umuulize kwa heshima na mkalimani awe mtu wake sio mfagizi aliyeitwa mbio, kwamba bibi, leo tumekupokeaje? Halafu jibu liandikwe mahali na mtu alifanyie kazi.

Ya mganga pia. Mgonjwa akigombezwa kwa kuanzia kwa mganga hataacha kwenda, ataacha kukwambia. Halafu utampa dawa juu ya mizizi usiyoijua na figo zikigoma unaandika sababu haijulikani.

Na huyo wa picha mwambie bibi sio mnara wa makumbusho.

Mwalimu, mimi ni mzazi Mtwara mjini. Hao wageni wanasema kwao kuna nafasi za udaktari za wenyeji wa asili pekee. Kwangu huu ni ukabila. Baba wa Taifa alitukataza. Nani atataka kupasuliwa na daktari aliyeingia kwa kabila lake? (Baba watatu)

Baba watatu, swali lako ni la haki na halipaswi kuzomewa. Ila tuanzie na huyo huyo Baba wa Taifa unayemtaja. Enzi zake nafasi za kidato cha kwanza ziligawanywa kwa mikoa, kwa sababu bila mgawo shule za serikali zingejaa watoto wa sehemu zilizowahi kupata misheni na kahawa, na sisi wa Kusini tungebaki kubangua korosho. Nina hakika kuna mtu kwenye ukoo wako kapita mlango ule, muulize wazee.

Chuo kikuu cha Auckland kina mlango wa Wamaori na watu wa visiwa vya Pasifiki kwenye udaktari tangu 1972. Kanada nao chuo cha British Columbia kilifungua njia yake 2002. Na hapa ndo watu wanachanganya, mlango ni wa kuingilia, wa kutokea ni mmoja. Mtihani wa mwisho ni ule ule, maiti ya kupasua ni ile ile, asiyefaulu anarudia au anaenda nyumbani. Sasa daktari akishafaulu mtihani ule ule na wenzake, kwamba aliingilia mlango gani inakuhusu nini wewe uliyelala kitandani?

Upande wa pili wa shilingi ni Australia. Chuo cha udaktari Melbourne kilianza 1862. Daktari wa kwanza Mwaborijini, yaani mwenyeji wa asili wa kule, Helen Milroy, amehitimu 1983, tena sio Melbourne, ni chuo cha Australia Magharibi. Zaidi ya miaka mia mlango ulikuwa "wazi kwa wote" na hakuingia hata mmoja. Wazi kwa karatasi.

Ambapo nakubaliana na wewe ni hapa, kumpa mtoto nafasi halafu umwache peke yake darasani ambako mwalimu anafanyia utani kabila lake ni kumtesa. Huyo ataacha, na watu watasema mnaona, hawawezi.

Salaam kutoka Kilwa. Wajerumani walikuja Songea wakaomba radhi ya Maji Maji, sasa nasikia na madaktari wa Kanada nao wameomba radhi. Radhi inaleta nini mezani? (Mjukuu wa Umatumbi)

Wa alaykum salaam mjukuu. Unauliza ukiwa umekaa pale pale moto ulipowashwa, maana Maji Maji ilianzia kwenu vilima vya Matumbi Julai 1905, na Kinjikitile mwenyewe wakamnyonga Mohoro Agosti. Mwenye haki ya kuuliza bei ya radhi ni wewe.

Ya Songea nakumbuka vizuri, tarehe 1 Novemba 2023 Rais Steinmeier wa Ujerumani alisimama pale makumbusho akaomba msamaha, akaahidi kusaidia kutafuta kichwa cha Nduna Songea Mbano, kiongozi wa Wangoni aliyenyongwa na Wajerumani. Ona hilo neno kichwa. Mafuvu ya watu wetu yalipelekwa Berlin kwa mamia wakati wa ukoloni, na waliokuwa wanayapokea ni maprofesa, wakiyapima wapate kuthibitisha mambo yao ya rangi za watu. Mengi yalikaa miaka chini ya hospitali kubwa ya Charité kabla ya kuhamishiwa kwa taasisi ya makumbusho mwaka 2011. Kwa hiyo udaktari na ukoloni walikuwa wanakula sahani moja, hata huku kwetu, na ukiniuliza mimi hilo lingefundishwa kwenye anatomia wiki ya kwanza, kabla mwanafunzi hajashika mfupa wowote.

Ya Kanada ni ya Septemba 2024, chama cha madaktari wa nchi hiyo kiliomba radhi rasmi kwa wenyeji wa asili, huko Victoria. Chama kimeanzishwa 1867. Kilichonifanya nisiidharau ni kwamba kabla ya kuongea walifungua makabati yao wenyewe, kumbukumbu za zaidi ya miaka 150, wakasoma walichokiandika na walichonyamazia: hospitali za kutenga wenyeji, majaribio, akina mama kufungwa uzazi bila ridhaa. Halafu ndo wakasimama.

Mimi naona radhi inapimwa hapo. Mtu akikuomba radhi huku kabati limefungwa, kakuomba ukae kimya. Akilifungua kwanza, basi hata kama hela hajatoa bado, ushahidi uko mezani na mjukuu wako atautumia. Kwa wenzetu wa Matumbi makabati mengi bado yako Berlin, na hapo ndo pa kukomalia.

Mwalimu, waganga wa jadi waje kufundisha chuo cha udaktari, ndio au hapana? Jibu fupi tafadhali. (Nachingwea)

Kufundisha, ndio. Kuhitimisha daktari, hapana. Sheria ya tiba asili tunayo tangu 2002, Muhimbili wana taasisi inayochunguza dawa hizo na ilianza kama kitengo 1974, kwa hiyo sio jambo la kuleta kutoka Kanada. Wale wenzetu pendekezo lao la 22 linasema tiba za jadi zitumike kwa kushirikiana na wazee pale mgonjwa anapoomba. Hayo maneno matatu ya mwisho ndo ufunguo. Ngoma za kusaka wachawi zibaki nje ya geti.

Mwalimu mwenzangu, nafundisha chuo cha afya huku mkoani. Baada ya wageni kuondoka uongozi wangu umepata wivu, wanataka na sisi tumlete kungwi mmoja na mzee mmoja wa jando waongee na wanafunzi siku moja, wapigwe picha, iingie kwenye ripoti. Nimeona haijakaa sawa ila sijui niseme nini. (Tyuta)

Haijakaa sawa kweli, na moyo wako umekwambia vizuri.

Kwanza kungwi hatasema ya unyago mbele ya wavulana sitini na kamera, na akisema atakuwa kaharibu kazi yake kijijini. Mtamtia aibu mama wa watu kwa ajili ya ripoti yenu. Pili siku moja ni maonyesho. Kaskazini mwa Ontario kuna chuo cha udaktari kilifunguliwa 2005, kila mwanafunzi wa mwaka wa kwanza anaenda kuishi wiki nne kwenye jamii ya wenyeji wa asili, analala kwao, anakula chao, na jamii ndo inapanga atafanya nini. Wiki nne zenu zinaweza kuwa mbili, sawa, ila wanafunzi ndo waende huko Newala, Kitangari au Mnyambe, sio Mnyambe ije kwenye ukumbi wenu wenye kiyoyozi kibovu.

Halafu kitu ambacho uongozi utakipinga, na hapo ndo ukomae: wale wazee wapewe sehemu ya alama. Hata kumi kwa mia. Mwanafunzi aliyemjibu bibi vibaya zahanati, bibi ana pa kusema na inaonekana kwenye matokeo. Bila hiyo mtakuwa mmewaita wazee kupamba.

Kusini tuna mfano wetu wa kujifunzia kwenye hili. Padre Vincent Lucas, aliyekuja kuwa askofu wa Masasi 1926, alipoona jando halikatazwi likakoma, alikaa na wazee wakaunda jando la Kikristo. Watu wengi wanamsifu na mimi namsifu, kuliko wenzake waliokuwa wanachoma ngoma. Lakini kisu kilikuwa cha nani na neno la mwisho la nani? La kanisa. Wazee walialikwa, hawakuamua. Uongozi wako ukikwambia "tumewashirikisha", waulize wameshirikishwa kuamua nini, na wasikilize wanavyojikuna kichwa.

Posho ya wazee iandikwe kwenye bajeti mapema, kiwango kile kile mnachomlipa mhadhiri mgeni kutoka Dar, nauli mbali. Sio waambiwe watafikiriwa. Na usikubali mkutano wa kuwapanga ufanyike Oktoba, watu wako kwenye korosho.